Joto Halina Upande

Mjomba wangu alikuwa fundi wa kusuka mota pale Mabatini, Mwanza. Banda lake lilikuwa na meza moja ya mbao iliyoganda vanishi, na pembeni rundo la mota zilizoletwa na watu wa mashine za kusaga, wa visima na wa viwanda vya kuchambua pamba. Nilipokuwa darasa la sita nilishinda pale likizo nzima. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Yeye anazungusha waya wa shaba kwenye fomu ya mbao, mimi nahesabu raundi kwa sauti. Nikipitiwa, koili moja inatoka tofauti na wenzake, na mota inarudi imeungua kabla ya wiki kwisha.

Mota ikishafungwa, kabla ya kumkabidhi mwenyewe, aliiwasha, akaweka mgongo wa kiganja kwenye bodi na kusubiri. Kisha aliizima, akabadilisha nyaya 2 kati ya 3 za fezi, akaiwasha tena. Sasa ilizunguka kinyume. Akaweka mkono tena. Nilimuuliza kwa nini anapima mara mbili kitu kilekile.

"Mpwa wangu," akasema, "nikigeuza fezi, shafti inageuka, feni inageuka, hata mlio unaweza kubadilika. Lakini moto haugeuki. Umeme uende huku, uende kule, waya utachemka tu. Joto halina upande. Ukitaka kujua tatizo ni la mzunguko au la moto, geuza, halafu angalia nini kimegeuka nacho."

Nimeanza na maneno hayo kwa sababu siku nilipoyahitaji hayakunijia, na hilo lilinigharimu miezi 4 ya kazi.

Kilichonivuta kwenye sumaku hakikutoka darasani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, naandika maombi ya ufadhili kwenye steshenari moja mjini, kompyuta ya kulipia kwa saa. Kurasa 3 zimekwisha, nimebakiza jina langu. Umeme ukakatika. Mwenye duka akahangaika na jenereta, kompyuta ikawaka tena, faili haipo. Nililia pale pale mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni ya fotokopi.

Chuoni ndipo nilipoelewa kilichotokea. Kumbukumbu ya haraka ya kompyuta, RAM, huhifadhi kila tarakimu kama chaji ndogo ndani ya kapasita inayovuja. Lazima ijazwe upya kila baada ya milisekunde 64 au pungufu ya hapo. Umeme ukiondoka, hakuna wa kujaza. Sumaku haina shida hiyo. Ukiielekeza juu inabaki juu, ukiielekeza chini inabaki chini, hata ikikaa kabatini mwaka mzima bila waya. Nikajiuliza, na ninajua wengi wamejiuliza kabla yangu: kwa nini kumbukumbu yote isiwe ya sumaku?

Ugumu uko kwenye kuigeuza. Tangu Hans Christian Ørsted alipoona mwaka 1820 huko Copenhagen sindano ya dira ikisogea karibu na waya wenye mkondo, njia yetu kuu imekuwa ile ya mjomba: pitisha umeme kwenye waya, upate uga wa sumaku, yaani eneo linalofikiwa na nguvu yake, uga ufanye kazi. Kwa mota ya kinu cha mahindi njia hiyo haina mpinzani. Kwenye kipande cha silikoni chenye mamilioni ya visumaku vilivyobanana inashindwa, maana uga husambaa. Unataka kumgeuza mmoja, unamtikisa na jirani. Na kadiri waya unavyokuwa mwembamba, ndivyo unavyochemka kwa mkondo mdogo.

Fani inayotafuta njia nyingine inaitwa spintroniki, nayo ilizaliwa kutokana na wazo kwamba elektroni yenyewe ni kisumaku. Mbali na chaji inabeba spini, na spini hiyo inaweza kuelekea juu au chini. Albert Fert na Peter Grünberg, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha mwaka 1988 jinsi mpangilio wa sumaku unavyobadilisha upitaji wa umeme kwenye tabaka nyembamba za metali. Kazi hiyo iliingia kwenye vichwa vya kusomea diski za kompyuta na kuwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2007. Hapo ni upande wa kusoma. Mimi nilitaka upande wa kuandika: kugeuza sumaku kwa mkondo, bila koili.

Nilikwenda kusomea shahada ya uzamivu Würzburg, Ujerumani. Mwanza na Würzburg ni miji-dada tangu 1966, jambo ambalo sikulijua hadi bibi mwenye nyumba niliyopanga aliponiuliza natoka wapi, kisha akanishika mikono yote miwili kama aliyempata ndugu. Huko ndiko Wilhelm Röntgen alikogundua eksirei mwaka 1895. Na huko huko, mwaka 2007, kundi la Laurens Molenkamp lilionyesha kwa majaribio, kwenye tabaka nyembamba la zebaki na teluri, hali ya elektroni ambayo wanafizikia Bernevig, Hughes na Zhang walikuwa wameitabiri mwaka mmoja kabla. Ndiyo familia ya vitu tunavyoviita vihami vya kitopolojia.

Nikiwa nyumbani huwa nakieleza hivi. Chukua kipande cha bismuthi na seleni. Ndani yake umeme haupiti, ni kihami. Juu ya uso wake unapita, na ni lazima upite. Ukikikwaruza, unapita. Ukikikata katikati, nyuso mbili mpya zilizotokea nazo zinapitisha, kwa sababu njia ile ya usoni haikutokana na rangi uliyopaka juu. Imetokana na jinsi viwango vya nishati vya ndani vilivyosukana, na msuko huo huwezi kuufumua kwa kukwaruza. Ila si kila uso wa kila kitu uko hivyo. Ni aina chache za madini, nyingi zikiwa na elementi nzito kama bismuthi, ambamo spini ya elektroni na mwendo wake vinashikana kwa nguvu.

Kushikana huko ndiko kunakoleta faida. Fikiria barabara ya kwenda Igoma siku ambayo kila bodaboda anayetoka mjini amegeuzia kofia kulia, na kila anayerudi ameigeuzia kushoto, bila hata mmoja kukosea. Ukimwona mtu anageuza pikipiki, kofia nayo imegeuka. Elektroni za usoni ziko hivyo: mwelekeo wa safari na mwelekeo wa spini ni kitu kimoja. Sukuma mkondo upande mmoja, na papo hapo una umati wa visumaku vilivyoinama upande mmoja. Bandika sumaku nyembamba juu ya umati huo, au ichanganye humo humo, nao utaisukuma.

Mwaka 2014 zilitoka kazi mbili ambazo mtu yeyote wa fani hii anazijua. Moja, ya watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell na Penn State, Marekani, ilionyesha bismuthi na seleni ikisukuma sumaku ya nikeli na chuma kwenye joto la kawaida la chumba, kwa nguvu kubwa kuliko metali zilizokuwa zikitumika. Nyingine, kutoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), iligeuza kabisa sumaku iliyo ndani ya kihami cha kitopolojia chenye kromi, kwa mkondo usiofika amperi 89,000 kwa sentimita ya mraba, kwenye kelvini 1.9, yaani nyuzi 271 hivi chini ya sifuri. Namba hiyo ya mkondo inaweza kuonekana kubwa kwa asiyezoea, lakini tando za platini au tantali kwa kawaida hudai zaidi ya milioni 1. Niliisoma ile ya pili nikiwa bado Dar es Salaam, nikaisoma tena kesho yake, na barua yangu ya maombi niliiandika nikiwa nayo mezani.

Utando wenyewe unapikwa, sina neno bora kuliko hilo. Unaingiza kibamba kisafi ndani ya chumba cha chuma kilichonyonywa hewa karibu yote, unapasha vijungu vya bismuthi, antimoni, teluri na kromi, na atomu zinapaa na kutua juu ya kibamba. Zinajipanga zenyewe kwa mafungu ya tabaka 5 za atomu, kila fungu likiwa na unene wa nanomita 1 hivi. Nilihitaji mafungu 8, ya chini bila kromi na ya juu yakiwa na kromi. Kwenye kioo cha fosfori unaona mistari ya kijani inayong'aa, na mwanga wake unapanda na kushuka kila fungu moja linapokamilika. Usiku wa kwanza nilijikuta nahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nilikuwa peke yangu na pampu, nikakumbuka banda la Mabatini na harufu ya vanishi mbichi.

Baada ya hapo utando unachongwa kwa mwanga na asidi kuwa njia nyembamba yenye miguu ya pembeni. Nyaya za dhahabu nyembamba kuliko unywele zinashonwa, na sampuli inashushwa ndani ya friji ya heliamu hadi kelvini 2. Sumaku ya utando inasomwa kwa volti ya Hall: pitisha mkondo kwa urefu, pima volti kwa upana. Sumaku ikielekea juu unapata alama chanya, ikielekea chini unapata hasi.

Sasa nifike kwenye kosa.

Ili kujua mkondo unaisukuma sumaku kwa nguvu gani, kuna njia nzuri ambayo maabara nyingi hutumia. Unapitisha mkondo mdogo unaokwenda na kurudi, mimi nilitumia mara 13 kwa sekunde. Kila unapokwenda, sumaku inainama kidogo upande mmoja, na kila unaporudi inainamia upande wa pili. Volti unayopima ni zao la vitu viwili, yaani mkondo na mwinamo. Mkondo ukigeuka, mwinamo nao umegeuka, na hasi mara hasi ni chanya. Kwa hiyo sehemu ya volti inapanda mara 2 katika kila safari moja ya kwenda na kurudi. Unakiambia chombo kisikilize mara 26 kwa sekunde tu na kiache kelele nyingine zote, na hapo ndipo msukumo unaposikika.

Tatizo ni kwamba joto nalo linasikika hapo hapo. Mkondo ukienda unapasha, ukirudi unapasha, kwa hiyo joto nalo hupanda mara 2 kwa kila safari. Na joto likishuka kutoka juu ya utando kwenda chini yake, sumaku huligeuza kuwa volti ya pembeni, jambo linaloitwa kwa jina la Walther Nernst. Hilo nililijua. Nililisoma, nikalipima, nikaliondoa. Namna ya kuliondoa ni kuongeza uga wa nje: sumaku ikishikwa kwa nguvu haiinami kirahisi, kwa hiyo alama ya msukumo inapungua, wakati ile ya Nernst inabaki palepale. Nikachora mistari, nikatoa kilichobaki palepale, nikakusanya kilichopungua. Nikapata msukumo unaozidi mara 100 ule wa platini.

Usiku ule sikulala. Nilitembea hadi daraja la zamani juu ya mto Main, nikasimama pale na jaketi lisilotosha, nikifikiria nitakavyoeleza. Niliandika rasimu kwa wiki 3. Nilipima sampuli nyingine 4, zote zikatoa jibu lilelile, na kila moja iliniongezea uhakika. Leo naona kwamba zisingeweza kutoa jibu jingine, kwa kuwa nilikuwa naziuliza kwa njia ileile.

Siku ya kuonyesha matokeo ndani ya kundi, dada mmoja kutoka India aliyekuwa ameshamaliza uzamivu aliangalia mchoro wangu kwa muda mrefu. Akauliza kwa upole: una uhakika kinachopungua na uga ni mwinamo wa sumaku peke yake? Nikasema ndiyo. Akaniuliza kuhusu magnoni.

Magnoni ni mawimbi madogo yanayopita ndani ya sumaku, kama viwimbi vya ziwani jioni kusipokuwa na upepo mkubwa. Elektroni inayopita inaweza kutoa wimbi au kulimeza. Kwenye metali ya kawaida hilo haliachi alama kubwa ya aina hii. Kwenye uso wa kihami cha kitopolojia, ambako elektroni haiwezi kugeuza safari bila kugeuza spini, kugongana na magnoni si sawa kwa anayekwenda na kwa anayerudi. Tofauti hiyo inazaa volti ya pembeni, nayo hupanda mara 2 kwa kila safari. Na ukiongeza uga wa nje, kuzaa magnoni kunadai nishati zaidi, kwa hiyo alama yake inapungua. Inapungua vilevile kama nilivyotegemea msukumo upungue. Kundi la mwanafizikia Yoshinori Tokura huko Japani lilikuwa limeliandika jambo hili mwaka 2017, kwenye utando wa aina ileile niliyokuwa naipika mimi, na kuonya kwamba kipimo hiki kinakuza msukumo kupita ulivyo.

Makala hayo nilikuwa nayo kwenye kompyuta yangu. Nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza na mchoro mmoja, nikachukua nilichokitaka.

Sikuumizwa na namba iliyoanguka. Niliumia nilipofungua daftari na kukuta, kwenye sampuli ya pili kabisa, mstari niliouandika kwa mkono wangu: "ikiongezwa joto hadi kelvini 15 alama inabadilika kuliko sumaku inavyobadilika, kwa nini?" Niliuliza swali sahihi mwezi wa kwanza, kisha nikageuza ukurasa. Tangu siku hiyo kila alama ya kuuliza iliyomo daftarini ina mraba mwekundu, na sianzi sampuli mpya kabla mraba mmoja haujafungwa.

Jumapili ile nilimpigia mjomba. Ameshastaafu, banda analo mwanawe, lakini kila asubuhi anakwenda kukaa pale.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mwangaluka. Baridi inakufanyaje?"

Nikamweleza, kwa kirefu kuliko nilivyokusudia. Huwa hanikatizi. Nilipomaliza akauliza, "Hiyo sumaku yako, ukizima umeme, inabaki imegeuka?"

Nikasema sijaangalia hilo, napima umeme ukiwa unapita.

"Basi unapima mota inayozunguka na moto wake pamoja. Izime kwanza. Ngoja ipoe. Halafu uangalie imesimama wapi."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kukata. Kanuni yake ya kugeuza nilikuwa nimeitumia bila kujua, tena vibaya. Kugeuza mkondo kunatenganisha joto na msukumo endapo unachokisoma hakitegemei mkondo uleule. Mimi nilisoma volti iliyozidishwa na mkondo wenyewe, kwa hiyo nilipogeuza, nilikuwa nimegeuza mara mbili na kurudi nilipoanza. Dawa ilikuwa kutenganisha mwandishi na msomaji. Piga pigo moja fupi la mkondo mkubwa, acha. Subiri sekunde kadhaa utando upoe. Kisha soma kwa mkondo mdogo, mikroamperi 1, usioweza kumsogeza mtu. Pigo chanya na pigo hasi yanaacha joto sawasawa. Sumaku ikibaki juu baada ya moja na chini baada ya jingine, joto peke yake haliwezi kuwa ndilo lililochagua.

Niliunguza sampuli 6 nikitafuta ukubwa wa pigo. Chini ya hadubini njia iliyoungua inaonekana nyeusi, kingo zake zimejikunja, sawa kabisa na koili za mota iliyofanya kazi fezi moja imekatika. Sampuli ya saba ilivumilia.

Pigo chanya: alama ikapanda ikabaki juu. Pigo hasi: ikashuka ikabaki chini. Uga mdogo wa militesla 20 uliolala sambamba na mkondo ulihitajika ili sumaku ijue upande wa kuangukia, na hilo lilinipa jaribio lililonitia imani kuliko mengine yote. Nilipougeuza uga huo, mchezo mzima uligeuka: pigo lililopandisha sasa likashusha. Nilipouondoa kabisa, mapigo hayakuwa na upande yanaoupendelea. Nilipoulaza kwa upana badala ya urefu, hakuna kilichotokea. Sampuli iliyopikwa bila kromi, iliyopewa mapigo yaleyale, ilikaa kimya. Jaribio hilo la mwisho nilipaswa kulifanya mwanzo kuliko yote, na wanaoanza kazi hii sasa nawaomba wapike sampuli isiyo na sumaku siku ileile wanapopika yenye sumaku. Ukisubiri upate matokeo mazuri ndipo utafute cha kulinganisha, moyo wako hautakuwa na haraka ya kukipata.

Si sumaku yote iliyogeuka, kama theluthi 2 hivi, zingine ni sehemu zilizonata pembeni. Nguvu ya msukumo niliyoipata kwa njia hii ilikuwa ndogo mara nyingi kuliko ile iliyoninyima usingizi. Bado ilizidi ya platini.

Baadaye tuliongeza geti juu ya utando, tabaka la kihami na metali juu yake, kama ilivyokuwa imefanywa UCLA mwaka 2016. Hapo umeme hautiririki kabisa kuvuka, ni volti tu inayovuta elektroni ziongezeke au zipungue usoni. Ni kama koki: maji ni yale ya bomba, wewe unachezea uwazi. Kwa volti chache pigo lilelile lililoshindwa kuigeuza sumaku likaigeuza. Kwangu hili ndilo lenye matumaini makubwa zaidi, kwa kuwa geti halipotezi nishati kwa kupasha waya.

Joto lenyewe lakini halijaondoka mlangoni. Sumaku ya utando wenye kromi inavunjika kwenye kelvini 20 hadi 30 hivi, yaani zaidi ya nyuzi 240 chini ya sifuri. Lile jaribio maarufu la Beijing la 2013 kwenye utando wa kromi kama wangu, ambapo Chang Cui-Zu, Xue Qikun na wenzao waliona ukinzani wa Hall, yaani ile volti ya pembeni ikigawanywa kwa mkondo, ukituama kwenye thamani moja ya omu 25,813 bila uga wa nje, lilifanyika kwenye kelvini 0.03. Kampaundi ya manganizi, bismuthi na teluri iliyotangazwa mwaka 2019, ambayo sumaku yake imo ndani ya mpangilio wa atomu bila kunyunyiziwa, nayo inaishia kwenye kelvini 25 hivi. Hakuna simu itakayobeba friji ya heliamu.

Ninachokifuatilia sasa ni manganizi na bati, atomu 3 kwa 1. Sumaku zake ndogo zinapingana kwa pembetatu, kwa hiyo kwa nje karibu hakuna uga, lakini muundo wake wa kitopolojia unatoa alama kubwa ya Hall. Watafiti wa Tokyo waliigeuza kwa mkondo mwaka 2020, kwenye joto la chumba, na mpangilio wake unahimili hata kwenye joto la maji yanayochemka. Nilipoisoma niliwaza bati linalochimbwa Kyerwa, ng'ambo ya ziwa letu, likipakiwa kwenye malori kwa kilo bila mtu kutaja kazi ya namna hii. Natamani mwanafunzi wa Kagera alijue jambo hili akiwa bado kidato cha nne.

Ijumaa moja ya mwisho wa muhula nilipiga pigo moja chanya, nikaona alama imepanda, nikashusha uga wa nje hadi sifuri, nikazima chanzo cha mkondo na kuchomoa kebo kabisa. Friji niliiacha kwenye kelvini 2. Jumatatu saa 2 asubuhi nilirudisha kebo na kusoma kwa mikroamperi 1. Alama ilikuwa palepale. Siku mbili na nusu bila umeme wowote ndani yake. Nilikumbuka kurasa zangu 3 za steshenari, nikakaa chini kwanza kabla ya kuandika kwenye daftari.

Nilimtumia mjomba picha ya mchoro. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake nyundo zinalia: "Safi sana. Sasa ipashe moto, uniambie."

Jioni ile niliipandisha hadi kelvini 40, nikaisubiri nusu saa, nikaishusha tena taratibu hadi 2. Nikasoma. Mstari ulikuwa umelala karibu na sifuri, hauko juu wala chini. Nikampigia, akapokea mlio wa kwanza, na kabla sijasalimia akauliza imekufa kwenye nyuzi ngapi.